Baba mkwe hataki kusikia habari za kichocho, nami ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Huku kwetu ni mpunga na ng'ombe. Mvua zikishika, kaya zote zinahamia bondeni. Majaruba yanajaa maji, na humo tunashinda tangu kupandikiza hadi palizi. Maji ya kuoga, kufua na kunywesha mifugo tunachota kwenye lambo, maana kisima cha pampu kiko mbali na mara nyingi kimeharibika.

Mwaka jana mkutano wa kijiji ulinichagua niwe mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa upande wa kitongoji chetu. Tulipewa mafunzo ya mambo mengi, malaria, kipindupindu, chanjo za watoto, ila mkazo mkubwa uliwekwa kwenye kichocho, kwa sababu watoto wa shule yetu walipopimwa, wengi walikutwa na damu kwenye mkojo. Tukaambiwa turudi tukaelimishe jamii.

Mama, huko kuelimisha ndiko kumenishinda. Nikiwaambia watu wasiingie kwenye maji yaliyotuama, wananitazama tu. Mama mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Na wewe mpunga wako unaupandikizia wapi, juu ya mti?" Nikisema wavae gambuti, wananiuliza nani atanunua. Nikisema tusikojoe jarubani, wanaume wanageuza uso kana kwamba nimewatukana.

Anayenipa shida zaidi ni baba mkwe. Ana majaruba mengi kuliko mtu yeyote kitongojini, na watu humtazama yeye kwanza kabla ya kukubali jambo lolote. Anasema kukojoa damu ni kawaida ya kila kijana aliyekulia hapa: yeye alikojoa, ndugu zake walikojoa, na wote walioa na kuzaa. Tena anasema vile vidonge ni vya kufunga uzazi. Maneno hayo yalianza mwaka juzi. Timu ya kugawa dawa ilikuja asubuhi, wakati ghala za watu ni tupu, na watu wakameza bila kutia kitu tumboni. Wengine walitapika, wengine walilala chini ya mwembe hadi jua likatua, binti mmoja alianguka. Tangu siku ile mzee anasema, "Kitu cha bure kinachokulaza chini mchana kutwa kina lake jambo."

Mimi ni mkwe wake. Siwezi kusimama mbele yake nikataja mkojo. Mume wangu tukiwa wawili chumbani ananiunga mkono, lakini mbele ya baba yake ananyamaza.

Kuna jambo jingine linaniumiza. Wifi yangu kwa muda mrefu anatokwa na damu kidogo isiyo ya mwezi, anawashwa, na tendo la ndoa limekuwa mateso kwake. Zahanati wamempa dawa za magonjwa ya zinaa mara kadhaa, haponi. Mumewe ameanza kumtuhumu kwamba ana mtu nje, na sasa amemrudisha kwao. Kwenye mafunzo mkufunzi aligusia kwamba kichocho kinaweza kumpata mwanamke sehemu za siri, ila alipita haraka haraka. Je, inawezekana?

Pia mwanangu mdogo ana miaka minne, na kutwa yuko lamboni na wenzake. Msimu unakuja tena, Mama. Nifanye nini?

Mkwe wa Kwimba

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na wifi yako, kwa kuwa lake haliwezi kusubiri mkutano wa kijiji. Ndiyo, inawezekana kabisa, na wanawake wengi wa mabonde ya mpunga wanaishi na hali hiyo bila kujua jina lake. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu na nyonga. Jike hutaga mayai kila siku. Yapo yanayotoka na mkojo, na yapo yanayokwama njiani, kwenye kibofu, kwenye shingo ya kizazi, kwenye uke. Yanapokwama, mwili huyapiga vita, na vita hiyo huacha vidonda na uvimbe. Ndipo unapoona damu isiyo ya mwezi, uchafu, muwasho, maumivu wakati wa tendo, na kwa wengine mimba kutoshika. Dalili hizo zinafanana sana na za magonjwa ya zinaa, lakini dawa za zinaa haziugusi mnyoo hata kidogo.

Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na akifika aseme wazi kwa mtoa huduma: nimekulia kwenye majaruba, na nilipokuwa mtoto nilikojoa damu. Wahudumu wengi hawakufundishwa kuuliza hayo, kwa hiyo asisubiri kuulizwa. Kipimo cha mkojo kikirudi safi, asikubali mambo yaishie hapo, kwa sababu mayai yanaweza kuwa yamekwama kwenye kizazi bila hata moja kuonekana kwenye mkojo. Aombe achunguzwe shingo ya kizazi kwa macho. Apime na VVU pia, maana vidonda hivyo hurahisisha maambukizi. Mwambie mapema kwamba kipimo hicho si cha kumhukumu. Kidonge kitaua minyoo, ila makovu ya zamani yanaweza kuchukua muda mrefu au yasiishe yote, ndiyo maana nakuhimiza usichelewe.

Kuhusu mumewe, kichocho hakiambukizwi kwa tendo la ndoa. Hakuna mwanamke anayekipata kwa mwanamume wala mwanamume anayekipata kwa mwanamke. Kinaingia kwa ngozi, kutoka kwenye maji. Huyo mume amepandikiza mpunga kwenye maji yale yale, naye huenda anacho, kwa hiyo wanywe dawa wote wawili. Neno hili asilipeleke wifi yako mwenyewe, kwa kuwa mwanamke aliyekwisha kutuhumiwa hasikilizwi akijitetea. Alipeleke mtu anayeheshimika upande wa mume, na ikiwezekana afuatane na mganga wa zahanati. Ndoa inavunjika hapo kwa sababu ya mnyoo, mwanangu. Ni dhuluma, na wewe una maarifa ya kuizuia.

Sasa nije kwako. Yule mama aliyekuuliza kama mpunga unapandikizwa juu ya mti alikuuliza swali la haki. Ujumbe wa kukataza watu wasiingie majini unamfaa mtu wa mjini anayekwenda ziwani kuogelea siku ya mapumziko. Kwa mkulima wa mpunga, maji ndiyo shamba. Ukimwambia atoke majini unamwambia asile, naye akishaona kwamba humwelewi katika hilo, hatakusikiliza katika lolote. Uache ujumbe huo kabisa. Msimu huu shika neno moja tu: tuingie majini, tusiyakojolee.

Neno hilo linatosha kwa namna kichocho kinavyozunguka, na hapa nataka uelewe vizuri ili uweze kujibu maswali. Mvua ikinyesha jarubani, maji yake hayana kichocho. Konokono naye hazaliwi na kichocho. Anakipata kutoka kwetu. Mtu mwenye minyoo akikojoa majini, mayai yanapasuka, vinatoka vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo humtafuta konokono. Vinakaa ndani yake wiki kadhaa vikiongezeka, kisha konokono huyo anaanza kumwaga mamia ya vijidudu vingine vyenye mkia kila siku. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya miguu na mikono yetu kwa dakika chache tu, bila mtu kuhisi zaidi ya kuwashwa. Kiangazi lambo likikauka, konokono hujizika kwenye tope na kulala, mvua zikirudi naye anaamka. Wapo wanaosema tuwaue konokono wote. Kwenye bonde zima la mpunga hiyo ni kazi kubwa na ya gharama, inahitaji dawa maalumu na wataalamu, tena dawa hiyo huua na samaki. Kumnyima konokono mkojo wetu hakugharimu shilingi.

Mkojo uliomwagwa kwenye ardhi kavu, mahali ambapo mvua haitausomba kurudi majini, hauna madhara kwa kichocho. Yai linakauka na kufa. Kwa hiyo humwombi mtu ajenge choo cha saruji katikati ya bonde. Unamwomba atoke jarubani, apande nchi kavu, ajisaidie, arudi kazini.

Usikimbilie kuwaambia, hata hivyo. Kwanza waulize kwa nini hawatoki. Kaa na wanawake wa kikundi chako cha kulima kwa zamu, na nina hakika watakuambia kwamba bonde liko wazi, hakuna kichaka, na mwanamke aliyesimama majini amejisitiri kuliko aliyechuchumaa juu ya tuta mbele ya wakwe na shemeji. Wanalinda heshima yao. Hilo ukilijua, tiba yake inajulikana: kwenye nchi kavu iliyo karibu, simamisheni kizingiti cha mabua au magunia ya zamani, upande wa wanawake na upande wa wanaume, chimbeni na shimo kwa ajili ya haja kubwa. Kazi hiyo watu wachache wanaimaliza asubuhi moja. Watoto wanaofukuza ndege waonyeshwe nao. Na lambo lisisahauliwe, kwa sababu watoto wanaoogelea ndio wanaokojoa zaidi majini, na ndio kwa kawaida wenye mayai mengi zaidi.

Kuna jambo jingine wachache wanalolijua, na wakulima hulipokea vizuri kwa sababu linahusu ratiba ya kazi. Mayai hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Konokono naye humwaga vile vijidudu vyake zaidi jua likiwa kali, mchana huo huo. Kwa hiyo anayeanza kupandikiza alfajiri na kupumzika jua linapopanda anakutana na vijidudu vichache kuliko anayeingia saa nne. Sikuambii kwamba asubuhi maji ni salama, ila hatari ni ndogo. Kufua na kuogesha watoto lamboni mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Gambuti nisizisemee sana. Zinamfaa anayefungua mifereji au anayechunga ng'ombe kando ya lambo. Kwenye kupandikiza, tope huzing'ang'ania na maji huingia kwa juu, na mwenye familia ya watu sita hawezi kuwanunulia wote. Anayeweza avae, asiyeweza usimfanye ajione mzembe.

Maji ya kuoga yanayotoka lamboni yachotwe leo yaogewe keshokutwa. Vijidudu hivyo visipopata ngozi hufa ndani ya siku mbili hivi, mradi hakuna konokono ndani ya ndoo, kwa hiyo yachujwe kwa kitambaa wakati wa kuchota. Asiyeweza kusubiri ayachemshe, yakipoa aoge. Ya kunywa ni habari nyingine: hayo lazima yachemshwe au yatiwe dawa hata yakikaa wiki, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo havifi kwa kusubiri.

Tufike kwenye vidonge, ambapo kijiji chenu kimeumizwa. Watu walianguka kwa sababu dawa ilitolewa vibaya, na mtu yeyote atakayekuja kuwaambia kwamba walijidanganya atakuwa anawaongezea hasira. Prazikwanteli, yaani vile vidonge vya kichocho, ikinywewa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu, tumbo kusokota na kizunguzungu, na mwenye minyoo mingi husumbuka zaidi kwa sababu minyoo inakufa kwa pamoja. Kwa kawaida hupita ndani ya saa chache au siku moja. Hamko peke yenu katika hili. Mwaka 2008 mkoani Morogoro ugawaji wa dawa hizi shuleni uliishia kwenye vurugu, watoto wakiwa wanaumwa matumbo, uvumi ukienea, na wazazi wakikimbilia shule kuwaokoa watoto wao. Wazazi wale walikuwa wakiwapenda watoto wao, na hakuna aliyekuwa amewaeleza mapema ni nini kitatokea.

Kwa hiyo zungumza na mganga mfawidhi wa zahanati yenu, na kupitia kwake ombeni kwa mganga mkuu wa wilaya kwamba safari hii dawa zije baada ya mavuno. Mwezi wa sita au wa saba ghala zina mpunga na mahindi, kila mtu anaweza kumeza akiwa ameshiba. Maji nayo yamepungua, hivyo aliyetibiwa hatapata minyoo mipya kesho yake. Halafu kidonge hakiui vizuri minyoo michanga, na kufikia kiangazi ile iliyoingia wakati wa palizi imekwisha kukomaa. Mvua zikirudi na konokono wakiamka, mikojo ya watu wengi itakuwa haina mayai.

Waeleze watu mapema kila kitu watakachokiona. Dawa ni chungu. Idadi inatofautiana kwa sababu kipimo ni kwa uzito wa mtu: mwenye kilo 60 humeza vidonge vinne, mtoto humeza vichache, na kile kijiti kirefu wanachosimamishwa nacho watoto ni cha kukadiria uzito kwa urefu. Msiposema hivyo, yule aliyepewa vitatu na jirani yake vinne watatunga maelezo yao wenyewe. Mwenye kifafa apitie kwanza kwa mganga. Mjamzito asubiri miezi mitatu ya kwanza ipite. Anayenyonyesha anaweza kumeza.

Swali la mzee kuhusu kitu cha bure ni la mtu mwenye akili, lijibiwe kwa heshima. Dawa za shuleni hutengenezwa na kampuni ya Merck ya Ujerumani, ambayo tangu mwaka 2007 huzitoa kama msaada kupitia Shirika la Afya Duniani, na serikali huzisambaza. Kwa miaka mingi walengwa wakuu walikuwa watoto wa umri wa shule, na wakulima watu wazima waliachwa nje ilhali ndio wanaoshinda majini. Tangu mwaka 2022 shirika hilo linashauri kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi watibiwe wote kuanzia umri wa miaka miwili. Hilo ni jambo la kudai, mwanangu, maana shule yenu imekwisha kupimwa na majibu yapo. Ama habari ya kufunga uzazi, waambie kinachofunga uzazi ni kichocho chenyewe, kwa wanawake kwa namna niliyokueleza hapo juu. Hapo lakini usimtaje wifi yako wala usimwashirie. Siri ya mgonjwa ikitoka kwako mara moja, kazi yako kijijini imekwisha.

Sasa baba mkwe. Usiende kubishana naye, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu alichosema kina ukweli ndani yake. Alikojoa damu, akaoa, akazaa. Ukimwambia haiwezekani utakuwa unamkanushia maisha yake. Ambacho hakukisema ni kinachokuja baadaye. Mayai yaliyobaki kwenye kibofu miaka na miaka huufanya ukuta wake kuwa mgumu, mkojo hurudi nyuma na kuharibu figo, na kansa ya kibofu huwapata watu waliobeba kichocho kwa muda mrefu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka minyoo hii katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa mwaka 1994. Mzee wa umri wake bila shaka amezika watu wa rika lake waliokufa wakishindwa kukojoa, na damu ikiwa imerudi uzeeni. Hayo anayajua. Hakuna aliyewahi kumuunganishia na ile damu ya ujanani.

Wa kumuunganishia si wewe. Nenda kwa mama mkwe kwanza, mkiwa jikoni, umweleze yote pamoja na habari ya binti yake, wifi yako akiridhia, maana huyo ni mwanawe na atakuelewa upesi kuliko mtu yeyote. Yeye anajua saa ya kuzungumza na mumewe. Kisha mume wako amwendee baba mdogo au rafiki wa mzee, mtu wa rika lake, na huyo ndiye alifikishe kwake. Mume wako simlaumu kwa kunyamaza, kwa kuwa mtoto wa kiume kumkosoa baba yake mbele ya watu ni jambo zito. Ila kumpeleka mtu mzima kwa niaba yake hakumshindi, na amefika umri wa kulifanya.

Huyo mjumbe asimwombe mzee akubali lolote kuhusu kichocho. Amwombe mambo mawili. La kwanza, kipande cha nchi kavu kando ya majaruba yake, pa kusimamisha kile kizingiti na kuchimba shimo. La pili, siku ya kumeza dawa, watu wakusanyike uani kwake wapikiwe uji au wali kwa mchele utakaochangwa na kila kaya, yeye akiwa mwenyeji. Mzee aliyetoa ardhi na kukaribisha watu nyumbani kwake hataki shughuli iharibike. Na siku hiyo wewe na mganga mmeze mbele ya watu wote, mkiwa mmekula, kabla hamjampa mtu mwingine.

Kama mganga anaweza kuja na darubini, au mzee akikubali kufika kituo cha afya, aonyeshwe yai la kichocho kwa macho yake. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mwishoni. Nimewaona watu wazima wakiinua kichwa kutoka kwenye darubini wakiwa hawana neno, wakishika tumbo la chini kwa mkono. Hotuba haijawahi kufanya hivyo.

Tena huenda baba mkwe anaikumbuka redio ya mwaka 1973. Mwaka huo palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchini mwetu walikaa kwenye vikundi vijijini kusikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe nini cha kufanya. Kichocho kilikuwa miongoni mwa magonjwa waliyojifunza, na vyoo vingi vilichimbwa kutokana na mazungumzo hayo. Muulizeni kama anaikumbuka, mmpe nafasi aisimulie. Kikundi chenu cha kulima kwa zamu kinaweza kufanya vile vile kivulini wakati wa mapumziko, mkajadili swali moja tu kila mara, nawe ukawa msikilizaji zaidi ya msemaji.

Kwa watoto tazameni Zanzibar. Kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba, ulioanza mwaka 2011, watoto na walimu walishiriki kubuni michezo ya kufundishia mzunguko wa ugonjwa, zikapangwa siku za michezo salama mbali na mito na mabwawa, zikajengwa sehemu za kufulia na za wavulana kukojolea. Ugonjwa ulishuka sana visiwani. Nikueleze kwa uaminifu kwamba kazi kubwa ilifanywa na vidonge, kwani maeneo yaliyopata vidonge peke yake nayo yalishuka karibu sawa. Kwa hiyo usiviweke vidonge nyuma ukadhani mazungumzo yatatosha. Ila minyoo hurudi pale mikojo inaporudi majini, na hapo ndipo mazungumzo yanapobeba zamu yake.

Mwanao wa miaka minne apimwe mkojo sasa hivi, usisubiri siku ya kijiji. Mpeleke kati ya saa nne na saa nane mchana. Akikutwa nacho, vidonge vya kawaida husagwa na kuchanganywa na kitu kitamu kwa kipimo cha mganga. Kuna pia kidonge kipya cha watoto wadogo kinachoyeyuka majini, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Uliza kama kimefika wilayani kwenu.

Mwisho ni pampu. Umeitaja kwa maneno machache tu, nami naona ndipo mzigo mkubwa ulipo. Wanawake wanafulia lamboni kwa sababu kisima kimekufa, na hakuna elimu itakayowatoa lamboni kama hawana pa kwenda. Mkutano mkuu wa kijiji ujao, liibue jambo hili liingie kwenye muhtasari, mtendaji aandike barua kwa ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na aambatanishe majibu ya vipimo vya watoto wa shule. Nakala impe diwani. Mwombe mama mkwe asimame aliseme yeye mkutanoni, na wanawake wanaochota lamboni wakae nyuma yake.